Je, Wajua? Kipimo cha Bei Kubwa Kilichopunguza Gharama

Wengi wetu tumeisikia sentensi hii, barazani, msibani au kwenye simu iliyopigwa usiku: "Walimpasua, wakakuta imeshasambaa, wakamfunga." Husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi hakuna anayeuliza zaidi. Lakini liko swali linalostahili kuulizwa. Je, ingewezekana kujua kabla ya kisu? Na kujua huko kungegharimu kiasi gani, ukilinganisha na kisu chenyewe?

Je, wajua kwamba Waholanzi walilijibu swali hilo kwa hesabu? Katika hospitali 9 za Uholanzi, wagonjwa 188 waliodhaniwa kuwa na kansa ya mapafu, na waliokuwa wakiandaliwa kwa upasuaji, waligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza lilifanyiwa vipimo vya kawaida vya wakati ule. Fungu la pili lilifanyiwa vipimo hivyohivyo, kisha likaongezewa kimoja cha bei kubwa kiitwacho PET. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la The Lancet. Katika fungu la kwanza, wagonjwa 41 katika kila 100 walifunguliwa kifua bure: ama ugonjwa ulikuwa umeshavuka mahali ambapo kisu kingesaidia, ama uvimbe haukuwa kansa, ama mgonjwa alirudiwa na kansa au alifariki kabla ya mwaka kwisha. Katika fungu la PET walikuwa 21. Yaani katika kila wagonjwa 5 waliopigwa picha hiyo, mmoja aliepushwa na kisu ambacho kisingemfaa.

Kufunguliwa kifua si jambo dogo. Daktari hukata ubavuni, katikati ya mbavu mbili, kisha huzitanua kwa chuma chenye meno na mkono wa kuzungusha, kidogo kidogo, mpaka nafasi itoshe. Mgonjwa huamka akiwa na mpira ubavuni unaotoa hewa na damu. Kila pumzi inauma. Akitaka kukohoa, hukumbatia mto kwanza. Kuyapitia yote hayo kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuweza kutolewa ni mateso ambayo, kwa maoni yangu, yangetosha kuwa sababu ya kununua mashine hata kama hesabu ya fedha ingekataa.

Lakini hesabu ya fedha haikukataa. Mgonjwa wa vipimo vya kawaida aligharimu wastani wa euro 9,500 hivi. Aliyeongezewa PET aligharimu euro 8,300 hivi, bei ya PET yenyewe ikiwa imeshajumlishwa humo. Kilichokula fedha zaidi ni siku za kulala wodini baada ya upasuaji. Risiti ya kipimo tunaiona siku ileile, dirishani, kwa jina na kwa tarakimu, na mioyo hutushtuka. Siku kumi za wodi ambazo hazikulalwa hazina risiti, kwa hiyo hakuna anayezihesabu.

Je, wajua kwamba PET huifuata kansa kwa kuifuata sukari? Miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za kansa zina uroho: hula glukosi kwa wingi kuliko seli nyingi za kawaida. Nusu karne baadaye, wakemia wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walitengeneza glukosi ambayo kipande chake kimoja kimeondolewa na mahali pake ikawekwa florini-18, yenye mionzi. Jina lake FDG. Seli huipokea kama sukari yoyote, huanza kuivunja, halafu hukwama: haiwezi kuimaliza wala haiwezi kuitema upesi. Florini ile hutoa chembe iitwayo positroni, na positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miale miwili ya gama inayokimbia pande mbili tofauti, mstari mmoja. Mashine ya duara inayomzunguka mgonjwa huinasa miale hiyo kwa jozi, na kompyuta hupiga hesabu ilikotoka. Siku hizi PET hufungwa pamoja na CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, katika mashine moja, muungano ulioanza kujaribiwa kwa wagonjwa mjini Pittsburgh mwaka 1998. PET huonyesha doa linalong'aa. CT huonyesha doa hilo liko kwenye kiungo gani.

Maandalizi yake yana mambo madogo ambayo wagonjwa huyashangaa, na kila moja lina maana. Mtu hufunga kula kwa saa 6 hivi na sukari ya damu hupimwa, kwa kuwa chai ya asubuhi ingegombea mlango mmoja na FDG. Tangu jana yake huambiwa asikimbie wala asibebe mizigo. Baada ya sindano hulala kwenye chumba chenye taa hafifu kwa saa moja hivi, kimya, amefunikwa blanketi. Blanketi hilo ni sehemu ya kipimo: mwili ukisikia baridi, mafuta ya kahawia yaliyoko shingoni huanza kuchoma sukari ili kuzalisha joto, na kwenye picha shingo hung'aa kana kwamba ina ugonjwa. Akizungumza sana, misuli ya koo itang'aa. Akitafuna jojo, taya zitang'aa. Ubongo hung'aa kwa kila mtu, maana hula sukari usiku na mchana. Kibofu nacho hung'aa, kwa sababu figo huitoa FDG kupitia mkojo, ndiyo maana kabla ya kupanda kitanda cha mashine mgonjwa huambiwa aende kwanza msalani.

Je, wajua kwamba dawa ya PET hununuliwa kama barafu juani? Florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Tuseme imetengenezwa saa 10 alfajiri. Ikifika saa 3:30 asubuhi imeshapungua kwa nusu mara tatu, na iliyobaki ni sehemu moja ya nane. Kumchoma mgonjwa mmoja dozi moja saa hiyo, ilibidi alfajiri ziandaliwe dozi nane. Barafu ya wavuvi hufunikwa kwa maranda ikadumu hadi sokoni. Florini haina maranda. FDG ya kwanza kuingia katika mwili wa binadamu, mwaka 1976, ilitoka Brookhaven huko New York ikapakiwa kwenye ndege ndogo hadi Philadelphia, ambako Abass Alavi na wenzake walikuwa wakiisubiri pamoja na watu wawili waliojitolea.

Kwa hiyo PET haikai peke yake. Huja na saiklotroni, mashine inayotengeneza florini hiyo kwa kugongesha protoni kwenye maji maalumu, na saiklotroni huja na kuta nene za zege, mkemia, mfamasia na mwanafizikia. Watu hao na mashine hizo hulipiwa, wawe wamekuja wagonjwa 2 au 12. Bei halisi ya picha moja hutegemea sana orodha ya siku. Mgonjwa aliyekwama kwenye foleni ya magari anachelewa, na dozi iliyopimwa kwa jina lake inaisha ikimsubiri mezani. Hili huwa najiuliza kila ninaposikia nchi inapanga kununua mashine kama hii: je, wamepanga pia wagonjwa watakavyofika, kila siku, kwa saa?

Katika Afrika Mashariki, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilizindua PET-CT yenye saiklotroni yake mwaka 2018, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata ikiwa na ya kwake. Kabla ya hapo, aliyeandikiwa kipimo hiki na mwenye uwezo alikwenda India au Afrika Kusini. Gharama yake ilikuwa na nauli ya watu wawili, viza, chumba cha kupanga karibu na hospitali, na wiki kadhaa bila kazi. Hesabu inayoanza na bei ya kipimo na kuishia hapohapo huliacha nje shamba lililouzwa.

Je, wajua kwamba picha inaweza kumwepusha mtu na kisu hata baada ya matibabu? Uingereza, kwa wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo ambao mitoki yao ya shingoni ilikuwa imeshaathirika, kulikuwa na desturi ya kuwapasua shingo baada ya kemo na mionzi na kuitoa mitoki hiyo, kwa kuhofia mabaki. Jaribio liitwalo PET-NECK, lililochapishwa mwaka 2016, liliwagawa wagonjwa 564: nusu wakapangiwa upasuaji huo, nusu wakapigwa PET-CT wiki 12 baada ya tiba, na kupasuliwa pale tu picha ilipoonyesha shaka. Fungu la kwanza lilifanyiwa upasuaji wa shingo mara 221. Fungu la picha, mara 54. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai ni asilimia 84.9 katika fungu la picha na asilimia 81.5 katika fungu la kisu, yaani waliosubiri picha hawakupoteza chochote. Na kila mgonjwa wa fungu la picha aliigharimu huduma ya afya pauni 1,492 pungufu. Waingereza kwa miaka mingi walikuwa na kizingiti chao, kwamba tiba mpya ilikubalika kirahisi ikiwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya iliouleta haukugharimu zaidi ya pauni 20,000 hadi 30,000. Hapa hapakuwa na haja hata ya kukifikia kizingiti: maisha yaleyale, makovu machache, fedha pungufu.

Australia nako wanaume 300 hivi wenye kansa ya tezi dume iliyo hatarini kusambaa walilinganishwa, PET ya aina nyingine inayoshika seli za tezi dume dhidi ya CT na picha ya mifupa kwa pamoja. Mwaka 2020 ikaripotiwa kwamba PET ilikuwa sahihi kwa asilimia 92, vipimo vya zamani asilimia 65. Kipimo kimoja kipya kiligharimu dola za Australia 1,203 hivi. Viwili vya zamani, 1,412.

Sasa upande wa pili, maana upo na ni mzito. Je, wajua kwamba kipimo cha bei ndogo kabisa kiliwahi kuwa miongoni mwa vilivyoigharimu nchi nzima? Korea Kusini, tangu mwaka 1999, watu walipokwenda kupimwa kansa katika mpango wa taifa, hospitali nyingi ziliwaongezea altrasaundi ya shingo kwa dola 30 hadi 50. Jeli baridi, kifaa kinateleza kooni kwa dakika chache, hakuna maumivu, hakuna mionzi. Nani angekataa? Lakini tezi ya shingo ni kiungo ambacho watu wengi wazima hubeba ndani yake vivimbe vidogo vya kansa bila kudhurika maisha yao yote. Altrasaundi ikavifukua. Kufikia 2011, kansa ya tezi hiyo ilikuwa ikigunduliwa mara 15 zaidi kuliko 1993. Zaidi ya watu 40,000 waliambiwa kwa mwaka mmoja kwamba wana kansa. Na waliokufa kwa ugonjwa huo? Idadi haikubadilika, chini ya 400 kwa mwaka kama zamani. Karibu wote waliogunduliwa walipasuliwa. Wengi wakabaki wanameza kidonge kila asubuhi hadi mwisho wa maisha, na wawili katika kila 100 nyuzi zao za sauti zikapooza. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa Korea lilisema hadharani kwamba upimaji huo ukome, na upasuaji ukashuka upesi.

Nimeusoma mkasa huu mara nyingi na bado unanigusa, kwa sababu kila aliyehusika alikuwa na nia njema. Unaonyesha pia kwamba bei ya kipimo haitoshi kuamua kama ni nafuu. Lazima uulize: jibu likija, tutafanya nini tofauti? Chama cha madaktari wa kansa cha Marekani kiliwaandikia wanachama wake mwaka 2012 kwamba wasiwapige PET, CT wala picha ya mifupa wagonjwa wenye kansa changa ya matiti au ya tezi dume ambayo haielekei kusambaa. Sababu ni hiyohiyo. Picha haitabadilisha tiba, lakini inaweza kuonyesha kidoa kisicho na maana, kidoa kikaitisha sindano ya kuchukua nyama, na sindano ikaleta madhara yake. Lakini nchini humohumo, daftari la picha karibu 23,000 za PET, lililochapishwa mwaka 2008, lilionyesha kwamba madaktari walibadilisha mpango wa tiba kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa. Hiyo theluthi ndiyo inayolipia mashine.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuongeza kwenye mizani: kifua kikuu. Seli za kinga zinazopambana na bakteria wake nazo hula sukari kwa pupa, na kwenye PET mtoki wenye TB unaweza kung'aa sawasawa na mtoki wenye kansa. Hesabu za Uholanzi, nchi ambayo kifua kikuu ni nadra, haziwezi kuchukuliwa zilivyo na kupelekwa Mwanza au Kisumu. Doa linalong'aa hapa lazima lichukuliwe nyama na kupelekwa maabara kabla mtu hajanyimwa upasuaji kwa kudhaniwa kwamba ugonjwa umesambaa. Gharama ya sindano hiyo na ya maabara ni sehemu ya gharama ya picha.

Na je, wajua kwamba mmoja wa waasisi wa CT, mwenza wa PET, alianzia kazi yake Afrika? Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliajiriwa kwa muda kusimamia mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, na hapo ndipo swali la jinsi ya kuyaona maumbile ya ndani kwa hesabu lilipomjia. Makala zake za 1963 na 1964 hazikushtua mtu. Mwingereza Godfrey Hounsfield akaifikia njia yake mwenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa CT ya kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Jaribio la mwanzo la Hounsfield maabara lilichukua siku 9 kupata picha moja. Wawili hao waligawana Nobeli mwaka 1979.

Mwaka 2021, tume ya jarida la The Lancet Oncology ilipiga hesabu ya dunia nzima kwa kansa za aina 11. Ikiwa nchi zitaongeza vipimo vya picha peke yake kati ya 2020 na 2030, vifo milioni 2.46 vitaepukwa, na kila dola 1 itarudisha dola 179. Ikiwa zitaongeza picha pamoja na tiba na ubora wa huduma, kila dola itarudisha 12 na ushei. Anayesoma haraka atasema basi tununue mashine za picha, tiba zisubiri. Asome tena. Mpango wa pili unaepusha vifo milioni 9.55, karibu mara nne ya ule wa kwanza. Picha ina faida kubwa kwa kila dola kwa sababu ni sehemu ndogo ya gharama yote. Peke yake haimponyi mtu. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, pale Mulago, iliharibika, na wagonjwa wengine wakalazimika kuvuka hadi Nairobi. Picha nzuri kuliko zote mikononi mwa mgonjwa wa wakati ule ingemwambia tu kwa usahihi anakosa nini.

Na je, wajua kwamba kansa ya mlango wa kizazi, inayowaua wanawake wengi katika nchi zetu, kwa miongo mingi ilipangiwa hatua yake kwa vidole vya daktari? Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilifanya hivyo kwa makusudi. Ugonjwa huu uko zaidi kwa maskini, na kanuni inayodai mashine ingewaacha nje wanawake walio wengi. Kwa hiyo mama alipimwa kwa mkono: uvimbe una ukubwa gani, umegusa ukuta wa nyonga au bado. Lakini vidole havifiki kwenye mitoki iliyo ndani ya nyonga na ile iliyopangana kando ya mshipa mkuu wa damu. Mama angeweza kuandikiwa hatua ya mapema, akatolewa kizazi, kisha mitoki ikakutwa na kansa; hapo hupelekwa kwenye mionzi na kemo juu ya kidonda cha upasuaji, akibeba madhara ya tiba mbili na ankara za tiba mbili, wakati moja ingetosha. Mwaka 2018 FIGO ikabadilisha kanuni. Pasipo na mashine, vidole bado vinakubaliwa. Palipo na CT, MRI au PET, picha inaruhusiwa kuihesabu mitoki, na daktari huongeza herufi moja ndogo mwishoni mwa hatua aliyoiandika kwenye faili la mama: r.